Kikomo cha Kumbukumbu: Kwa Nini Data Kubwa Hufia Njiani Ikipakiwa Kwenye Kanzidata

Neno lenyewe ni moja tu: Killed. Umeanza kupakia data saa mbili usiku, ukaiacha terminali (dirisha la kuandikia amri) wazi, ukaenda kulala. Asubuhi unakuta neno hilo peke yake, halina maelezo, halina namba ya kosa, na jedwali ni tupu. Mara ya kwanza liliponikuta nilidhani kuna mtu kaingia kwenye seva akaizima programu yangu kwa mkono. Kumbe aliyeiua ni Linux yenyewe, mfumo endeshi wa seva hiyo, na ilikuwa na haki.

Kilichoniponza ndicho kinachoitwa kikomo cha kumbukumbu, yaani kiasi cha RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ambacho programu inaweza, au inaruhusiwa, kukishika kwa wakati mmoja. Uzito wa maana hiyo uko kwenye maneno matatu ya mwisho. Kikomo hiki hakisemi lolote kuhusu ukubwa wa data ambayo kanzidata (wengine huiita hifadhidata) inaweza kutunza. Kanzidata ya PostgreSQL iliyo kwenye mashine yenye RAM ya gigabaiti 8 hutunza jedwali la gigabaiti 500 bila kulalamika, alimradi diski ipo. Fikiria duka la jumla Kariakoo: kaunta ni ndogo, stoo ni kubwa. Hakuna anayesema duka limejaa kwa sababu kaunta imejaa. Lakini ukiwaambia wachukuzi washushe kontena zima juu ya kaunta, hapo utavunja kaunta huku stoo ikiwa wazi.

Kwa hiyo upakiaji ukifa, swali la kwanza ni hili: kumbukumbu iliyokwisha ilikuwa ya nani? Maana wahusika ni wengi. Kuna programu inayolisoma faili na kuituma data, kuna kanzidata inayoipokea, na kuna mfumo endeshi unaowagawia wote. Kwa uzoefu wangu, mara nyingi anayelaumiwa ni kanzidata, na mara nyingi hahusiki.

Chukua hati fupi (programu ndogo) ya lugha ya Python inayofungua faili la CSV, yaani jedwali la maandishi yaliyotenganishwa kwa koma, inaweka mistari yote kwenye orodha, kisha inaituma. Faili ni gigabaiti 2, mashine ina gigabaiti 8, basi mtu anajiambia nafasi ipo tele. Haipo. Neno "Dar" kwenye CSV lina baiti 3. Likiingia Python linakuwa kitu kamili chenye kichwa chake, na hata mfuatano mtupu usio na herufi yoyote hula zaidi ya baiti 40 kwenye mashine ya biti 64. Ongeza baiti 8 za kielekezi, yaani anwani ya neno hilo, ndani ya orodha, na baiti 3 zimeshapita 50. Faili lenye safu nyingi fupifupi, majina ya wilaya, namba za simu, ndiyo na hapana, huvimba mara kadhaa likishaingia kwenye kumbukumbu. Kanzidata hapo haijapokea hata mstari mmoja.

Dawa yake inajulikana: soma kidogo, tuma, sahau, soma tena. Wanaotumia pandas, maktaba ya Python ya kuchakata data, wana kigezo cha chunksize kwa kazi hiyo hiyo. Lakini napenda kueleza kwa nini wakati mwingine dawa hii haitoshi, na kwa hilo sijui mfano mzuri kuliko ramani ya OpenStreetMap.

OpenStreetMap ni ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea tangu 2004, na data yake yote hupakuliwa bure. Geofabrik ya Ujerumani huikata nchi kwa nchi, na faili la Tanzania si dogo, kwa sababu majengo yamechorwa kwa wingi mno. Sehemu ya kazi hiyo ilifanywa na Ramani Huria, mradi ulioanza 2015 Dar es Salaam, wanafunzi wa vyuo na wakazi wakipita mtaa kwa mtaa kuchora mitaro na nyumba kwa ajili ya kukabiliana na mafuriko. Ukitaka ramani hiyo iingie PostgreSQL, kifaa cha kawaida ni osm2pgsql.

Sasa tazama data yenyewe ilivyo. Ndani ya faili, nukta ndiyo yenye mahali: namba yake, latitudo, longitudo. Barabara haina mahali. Kipande cha Barabara ya Morogoro hakijui kiko wapi duniani. Kinachokijua ni orodha tu ya namba za nukta, hii, kisha hii, kisha hii. Nukta huja kwanza kwenye faili, barabara na majengo hufuata baadaye. Hivyo programu ikifika kwenye barabara, inabidi ikumbuke nukta ilizozipita kitambo, na hakuna anayeiambia mapema ni zipi zitakazohitajika. Hapa "soma kidogo, sahau" haifanyi kazi. Ukisahau, huwezi kuchora.

Ndiyo maana osm2pgsql, isipoambiwa vingine, huzishika nukta zote kwenye RAM. Kwa wilaya moja hilo ni jepesi. Kwa bara zima, ndipo Killed inapotokea. Waliotengeneza kifaa hiki wameweka njia za kutokea, na kila moja ina bei yake. Ukiongeza --slim, nukta na barabara huwekwa kwenye majedwali ya muda ndani ya kanzidata, nayo programu hubaki na kache (akiba ndogo ndani ya RAM) ya ukubwa unaoutaja mwenyewe kwa --cache. Usipotaja ni megabaiti 800. RAM inapumua, lakini sasa unalipa kwa muda, kwani nukta ambayo haimo kwenye kache lazima ikatafutwe kwenye diski. Njia nyingine ni --flat-nodes: faili moja kwenye diski ambamo kila namba ya nukta ina chumba chake cha baiti 8, nne za longitudo na nne za latitudo. Hakuna kutafuta, unazidisha namba mara 8 na unafika.

Njia hii ya mwisho imewaponza wengi, nami nimo. Niliitumia kwa faili la Tanzania nikijua ni nchi moja tu, faili litakuwa dogo. Namba za nukta hazigawiwi kwa nchi. Mtu anayechora kibanda Tandale leo anapewa namba inayofuata duniani kote, na namba hizo zilishavuka bilioni 10. Zidisha kwa baiti 8: gigabaiti 80 na zaidi, hata kama nchi yako ina chembe tu ya nukta hizo. Flat-nodes ni ya dunia nzima au bara. Kwa nchi moja, slim na kache ya kutosha ndiyo njia.

Nimekaa hapa kwa sababu mfano huu unaonyesha kitu ambacho ushauri wa "gawa vipandevipande" hukificha. Data inayojitegemea mstari kwa mstari, kama orodha ya mauzo, hugawika bila maumivu. Data ambayo mstari wake mmoja unamhitaji mwenzake wa mbali haigawiki kirahisi, na lazima uchague pa kuweka kumbukumbu hiyo ya mbali: RAM, jedwali, au faili.

Tuje upande wa kanzidata. PostgreSQL ikitoka kiwandani ni ya unyenyekevu wa kushangaza. Kumbukumbu yake ya pamoja, shared_buffers, ni megabaiti 128. Kila kazi ya kupanga au kulinganisha hupewa work_mem ya megabaiti 4. Kujenga faharasa, orodha ya kuharakisha utafutaji, hupewa maintenance_work_mem ya megabaiti 64. Kazi ikizidi kiwango chake, kwa kawaida haifi. Upangaji humwagika kwenye mafaili ya muda kwenye diski, unakuwa wa polepole, unamalizika. Hii ndiyo tofauti ya kanzidata iliyokomaa na hati yako ya Python: yenyewe inajua kwenda stoo.

Balaa huanza pale mtu anapoipandisha work_mem ovyo akidhani ni ya seva nzima. Si ya seva, wala si ya mtumiaji mmoja; ni ya kazi moja ndani ya swali moja. Weka megabaiti 256, uwe na miunganisho 40, kila moja ina kazi tatu za kupanga kwa wakati huo huo: 256 mara 40 mara 3 ni megabaiti 30,720, karibu gigabaiti 30. Ukitaka kuharakisha upakiaji wa usiku mmoja, pandisha maintenance_work_mem kwa amri ya SET ndani ya kikao chako tu, jenga faharasa zako, kisha ufunge kikao. Mambo ya seva nzima yaache yalivyo.

Kuna shimo moja hasa ambalo halionekani mpaka utumbukie. Amri ya COPY, ambayo ndiyo njia ya haraka ya kuingiza data PostgreSQL, yenyewe haina uchu wa RAM, hupitisha mistari kama maji kwenye bomba. Lakini jedwali likiwa na ufunguo wa kigeni, yaani safu ambayo kila thamani yake lazima iwepo kwenye jedwali lingine la mzazi, kila mstari unaoingia unaacha kikaratasi kwenye foleni: "nikaguliwe kama mzazi wangu yupo". Ukaguzi hufanyika amri ikimalizika. COPY moja ya mistari milioni 50 ina vikaratasi milioni 50, na foleni hiyo hukaa kwenye kumbukumbu. Nyaraka za PostgreSQL zenyewe zinaonya kuhusu hili. Ondoa ufunguo wa kigeni, pakia, urudishe. Ukaguzi utafanywa kwa swali moja kubwa linalojua kumwagika kwenye diski. Faharasa nazo zijenge baadaye kwa sababu ya kasi. Ukimaliza, endesha ANALYZE, amri inayokusanya takwimu za jedwali, la sivyo mpangaji wa maswali atabaki kukisia tu kilichomo.

Wanaopendelea INSERT za mafungu, yaani mistari mingi kwa amri moja, wana kikomo kingine, na hiki hakina uhusiano na RAM hata kidogo: vigezo (thamani zinazotumwa pamoja na amri) 65,535 kwa amri moja. Jedwali la safu 20 linakubali mistari 3,276, ya 3,277 inagoma. Mistari elfu moja kwa fungu inatosha. Wa kanzidata ya MySQL wanaopakia kupitia phpMyAdmin, ukurasa wa wavuti ulioandikwa kwa lugha ya PHP, nao huambiwa faili limezidi, wakaanza kuilaumu MySQL, wakati aliyekataa ni PHP, ambayo kwa kawaida hupokea faili la megabaiti 2 na kuishi ndani ya memory_limit ya megabaiti 128. Pitisha faili lako kwenye terminali na kizuizi hicho hukioni tena.

Nirudi kwa muuaji wa usiku. Linux hugawa kumbukumbu kama basi linalokata tiketi nyingi kuliko viti, kwa matumaini kwamba si abiria wote watatokea. Programu huomba nafasi kubwa na mara nyingi haiitumii yote. Siku wote wakitokea, kerneli (kiini cha Linux) inamteremsha mmoja: huzipa programu alama, na anayeshika kumbukumbu nyingi ndiye huwa wa kwanza. Ishara inayotumwa ni namba 9, haikatiki wala haijadiliwi, na ndani ya kontena la programu, kama la Docker, utaiona kama namba ya kutokea 137, yaani 128 na 9. Ushahidi uko kwenye dmesg, amri inayoonyesha ujumbe wa kerneli. Tafuta maneno "Out of memory" na utakuta jina la marehemu.

Marehemu akiwa hati yako, umepoteza usiku wako. Akiwa mchakato mmoja wa PostgreSQL, msiba ni wa mtaa mzima: mchakato mkuu hauwezi kuamini tena kumbukumbu ya pamoja, hivyo huwakata wote waliounganishwa na kuanza upya. Data iliyokwisha thibitishwa inabaki salama, kwani imeandikwa kabla kwenye WAL, daftari la mabadiliko lililo kwenye diski, lakini mhasibu aliyekuwa katikati ya muamala wake ataona skrini yenye kosa na hatajua kuwa ni wewe na CSV yako. Ndiyo maana kwenye seva inayotumiwa na wengine, upakiaji mkubwa naufanya kutoka mashine nyingine.

Kabla ya kuacha kazi yoyote ya usiku, siku hizi nakata mistari laki moja ya kwanza kwa amri ya head, naipakia, na kwenye dirisha la pili nafungua top, inayoorodhesha programu zinazoendeshwa, na kuikodolea macho safu ya RES, yaani RAM ambayo kila programu imeshika. Narudia kwa laki mbili. Kama RES ilipanda kidogo ikatulia palepale mara zote mbili, data inapita na kuondoka, naweza kwenda kulala. Kama ya pili ni mara mbili ya kwanza, kuna mahali inarundikwa. Nazidisha mpaka mistari yote, nalinganisha na RAM niliyonayo, na kwa kawaida usiku huo silali mapema.