Aspirini haina dozi ya kumaliza

"Daktari, dozi nilishamaliza." Nikisikia hivi kutoka kwa mtu aliyewekewa stenti, yaani kijibomba cha wavu wa chuma ndani ya mshipa wa moyo ulioziba, miezi michache iliyopita, presha yangu inapanda. Jamani, hii si dawa mseto ya malaria umeze siku tatu ufunge hesabu.

Stenti imefungua pale palipoziba tu. Mafuta yamo pia kwenye kuta za mishipa mingine, na stenti yenyewe ni chuma: kabla ukuta wa mshipa haujaifunika, damu inagandia pale kirahisi. Ndiyo maana unameza aspirini ndogo pamoja na klopidogreli, zote za kuzuia damu isigande, kwa kawaida miezi 12, kisha aspirini inaendelea. Hata ukienda kung'oa jino, usiache kabla hujatuuliza.

"Lakini kolesteroli imeshuka." Imeshuka kwa sababu unameza statini! Ukiacha, inapanda tena ndani ya wiki chache. Na kazi yake si kushusha namba tu: inatuliza yale mafuta ukutani yasipasuke, maana yakipasuka damu inaganda juu yake, na hilo ndilo shambulio la moyo lenyewe. Maji ya kitunguu saumu na limau kunywa ukipenda, ila hayazibui mshipa.

Bisoprololi, ile ya kupunguza kasi ya moyo, nakiri inanipa shida. Kwa mtu ambaye moyo wake bado unasukuma damu vizuri, utafiti uliofanyika zaidi Sweden na kuchapishwa 2024 haukuona faida ya wazi. Kuna ninaowaendelezea, kuna ninaowapunguzia taratibu, na sina hakika kila mara nimepatia. Wewe usiikate ghafla.

Sigara: acha yote. Tembea. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, pamoja na ile ya mchuzi na unayopaka kwenye embe bichi.

Kinachonichosha zaidi ni huyu anayekimbia aspirini ya miligramu 75 eti itamchoma tumbo, halafu mgongo ukimuuma ananunua diklofenaki ya maumivu duka la dawa bila kuuliza mtu. Diklofenaki inachoma tumbo vilevile, na juu yake inaongeza hatari ya shambulio. Ibuprofeni, nayo ya maumivu, ikitangulia inaweza kuizuia aspirini isifanye kazi. Mgongo ukiuma, meza panadoli.

Na kama kilichokukwamisha ni hela, sema hapohapo kliniki. Tutatafuta ya bei nafuu, tupange ipi inaweza kusubiri. Aspirini haimo kwenye zinazosubiri.