Msitu wa Pugu-Kazimzumbwi Hulindwa Mpakani

Mto Msimbazi, ule unaofurika Jangwani masika yakizidi, unaanzia kwenye vilima vya Pugu wilayani Kisarawe. Ndiyo maana msitu wa huko, Pugu-Kazimzumbwi, unamhusu hata mkazi wa Dar es Salaam asiyewahi kuukanyaga. Miti ikiisha kule juu, maji ya mvua hayana cha kuyapunguza kasi. Yanateremka na udongo wake hadi mjini.

Kwa msingi wa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, eneo hili ni hifadhi ya mazingira asilia, daraja la juu kabisa kwa misitu iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Ndani ya mpaka hakuna leseni ya magogo wala ya mkaa. Nafasi iliyopo, tena kwa utaratibu, ni ya utafiti, mafunzo na utalii. Ulinzi huo una sababu. Upo mti unaoitwa kitaalamu Baphia puguensis, uliobeba jina la Pugu lenyewe, na yupo sange mweusi na mwekundu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, anayeishi katika vipande vichache tu vya misitu ya ukanda wetu. Viumbe hawa wakifukuzwa hapa, hawana pengi pa kwenda.

Watu wakisikia usimamizi wa msitu huwaza doria. Doria zipo, ila kwa msitu uliopakana na jiji kazi kubwa ni mpaka, kwa sababu msitu wa namna hii humegwa kidogo kidogo. Leo mtu anasogeza shamba hatua kumi, mwakani anapanda mikorosho, baadaye anachimba msingi wa nyumba na kudai ni ardhi ya babu yake. Kwa hiyo mstari wa mpaka husafishwa, vigingi vilivyong'olewa hurudishwa, na mstari huo huo husaidia kuzuia moto wakati wa kiangazi. Yote haya huwekwa kwenye mpango wa usimamizi. Ukikuta mpango uko kabatini na mpaka umeota vichaka, jua hapo hakuna usimamizi.

Askari wa uhifadhi hawezi kuwa kila mahali. Anayeuona kwanza moshi wa tanuri la mkaa ni mwanakijiji anayekwenda shambani alfajiri. Sheria inaruhusu serikali na vijiji jirani kuingia makubaliano ya usimamizi wa pamoja, na kamati za maliasili za vijiji kushiriki ulinzi. Kwa maoni yangu, makubaliano hayo husimama pale tu jirani anapopata kitu kinachoonekana, kama mizinga ya nyuki au kazi ya kuongoza wageni. Kumwomba alinde bure, miaka nenda rudi, ni kumwonea.

Nanyi wa mjini mna sehemu yenu. Mkaa halali husafiri na hati na hukaguliwa vituoni. Ule unaoletwa kwa pikipiki usiku kwa njia za panya hauna hati, na soko lake ni jiji.

Viwanja navyo. Ukiuziwa kiwanja Kisarawe au pembezoni mwa Pugu, usitosheke na muuzaji na shahidi wake. Kabla ya kulipa, peleka vipimo vya eneo ofisi ya ardhi ya halmashauri na ofisi ya TFS ya wilaya, walinganishe na ramani ya hifadhi, kisha mwende pamoja mkakitazame kigingi chenyewe.