Klorini ya bwawa, ile ya kimiminika: utajuaje kama bado ina nguvu?

Lubumbashi, mwezi wa tisa na wa kumi, joto linapanda na mabwawa ya nyumbani yanajaa watoto. Wakati huohuo bidoni (dumu) ya klorini iliyolala stooni tangu msimu wa baridi inazidi kuchoka.

Lebo imeandikwa 48°. Maana yake nini?

Ni digrii za klorini, kipimo cha Kifaransa. Zidisha kwa 3.17 upate gramu za klorini katika lita moja: 48° ni gramu 152 hivi, karibu 15%. Javeli, ile klorini hafifu ya kufulia na kusafishia nyumba, ya 12° ni gramu 38, hata 4% haifiki. Basi usimimine javeli kwa kipimo cha klorini ya bwawa ukadhani umemaliza kazi. Na namba hiyo ni ya siku bidoni ilipojazwa kiwandani. Leo ni habari nyingine.

Mbona inapungua nguvu hata ikifungwa?

Joto na mwanga huivunja. Klorini ya 15% ikikaa kwenye nyuzi 25 hubaki na nusu ya nguvu baada ya miezi mitatu hivi. Kwenye nyuzi 35, mwezi mmoja unaweza kutosha. Madini nayo huiharakisha, hasa shaba, kobalti na nikeli, na kwetu Katanga vumbi la namna hiyo halitafutwi mbali. Usiteke kwa kopo la chuma, wala usirudishe mabaki ndani ya bidoni. Inapovunjika hutoa hewa, ndiyo maana kifuniko chake kina tundu la kupumulia. Ukikiziba, bidoni huvimba na inaweza kupasuka.

Harufu kali si dalili tosha?

Hapana. Iliyobaki na nusu ya nguvu bado itakuchoma pua.

Nitapimaje nyumbani?

Unahitaji kipimo cha DPD kile cha kupimia maji ya bwawa (kidonge namba 1, maji yanageuka waridi), bomba mbili za sindano bila sindano zake, ya ml 10 na ya ml 1, na chupa mbili safi za plastiki za lita moja. Tumia maji ya kunywa ya chupa. Yapime kwanza yenyewe: yasitoe rangi yoyote. Maji ya kisima au ya mfereji yenye uchafu hula klorini kabla hujaipima, nawe utalaumu bidoni bure.

Vaa glavu na miwani, fanyia kazi nje. Tikisa bidoni taratibu. Vuta ml 10 za klorini, toa mapovu yote ndani ya bomba, tia kwenye chupa ya kwanza yenye maji, ongeza maji hadi lita moja kamili, changanya. Kutoka hapo vuta ml 1 kwa bomba la pili, tia kwenye chupa ya pili, ongeza hadi lita moja, changanya. Pima hiyo ya pili mara moja. Namba utakayosoma kwa mg/l izidishe kwa 10, ndiyo asilimia: ukisoma 1.2, klorini yako ni 12%, ukisoma 0.6, ni 6%. Rudia mara mbili. Majibu yakiachana sana, kosa mara nyingi ni povu ndani ya bomba la ml 1.

Nikiruka hatua ya pili?

Utadanganyika vibaya. Klorini ikizidi sana huifuta rangi ya waridi yenyewe, maji yanabaki meupe kana kwamba hamna kitu, na mtu anaongeza tena.

Nimimine kiasi gani?

Bwawa la mita 8 kwa 4, kina cha wastani mita 1.25, lina lita 40,000. Kupandisha klorini kwa 2 mg/l kunataka gramu 80. Gawa gramu hizo kwa asilimia mara kumi: kwa 12% ni 80 ÷ 120, yaani lita 0.67; kwa 6% ni lita 1.33. Anayemimina kwa mazoea hapo ametia nusu ya dozi, na maji ya namna hiyo ndiyo yanayowapa watoto kuhara na masikio kuuma, hata yakionekana safi.

Mimina jioni, jua likishazama, pampu ikizunguka. Asubuhi pima: 1 hadi 3 mg/l, na pH (kipimo cha uasidi wa maji) 7.2 hadi 7.6. pH ikifika 8, ni kama robo tu ya klorini inayoua vijidudu kwa haraka, basi usiongeze klorini kabla ya kurekebisha pH.

Naweza kuiweka klorini pamoja na asidi ya kushushia pH?

Kamwe, hata rafu moja. Zikigusana hutoka gesi ya sumu inayofunga mapafu. Usiichanganye na klorini ya unga wala ya vidonge pia, wala usitumie kopo moja kwa vyote. Ikirukia jicho, lifunue chini ya maji safi yanayotiririka dakika 15 au zaidi, kisha nenda hospitali na lebo ya bidoni mkononi.