Tequila haitokani na dungusi kakati, wala haiwekwi kiwavi

Ujumbe huu umezunguka miaka mingi kwenye magrupu: tequila, kileo kikali, hutengenezwa kwa dungusi kakati (cactus), na chupa halisi lazima iwe na mdudu ndani. Yote mawili si kweli.

Tequila hutoka Meksiko, kwa agave ya buluu, ndugu wa karibu kabisa wa mkonge wetu, ambao nao asili yake ni huko. Aliyewahi kupita shamba la mkonge Tanga anaijua sura yake: majani marefu yenye nyama, yamechongoka kama mikuki. Dungusi kakati kwa kawaida hana majani. Miiba yake huota kwenye shina. Mkanganyiko unaeleweka, maana yote hustahimili ukame na huchoma. Ili kupata tequila, majani ya agave hukatwa, likabaki shina nene mfano wa nanasi kubwa. Huokwa, hukamuliwa, huchachushwa, kisha hukenekwa.

Kiwavi je? Huyo huwekwa katika baadhi ya chupa za mezcal, kinywaji kingine cha agave. Soma lebo: tequila safi huandikwa "100% agave" na hubeba namba ya NOM, yaani namba rasmi ya Meksiko inayotambulisha kiwanda kilichoitengeneza. Ukiletewa ujumbe ule tena, tafadhali usiusambaze.