Dashibodi ya W123 haikutoka kiwandani inameremeta

Wengi bado wanaamini dashibodi ya Mercedes W123, zile za 1976 mpaka 1985, ukiipaka silikoni, ile dawa ya kung'arisha plastiki, ikang'aa ndo imerudi kama ilivyotoka kiwandani. Sio kweli jamani. Ilitoka bila mng'ao makusudi, maana ikimeremeta mwanga unaakisi kwenye kioo cha mbele na dereva haoni barabara vizuri. Na nyufa za dashibodi iliyozeeka haziponi kwa mafuta, jua la miaka mingi limeshamaliza vilainishi vya ndani ya plastiki, inakakamaa, inasinyaa mpaka inapasuka. Osha kwa sabuni laini, ufa jaza fila inayonyumbulika, piga msasa taratibu, malizia na rangi ya vinili isiyong'aa. Ila kama silikoni ilishapita toa yote kwanza, la sivyo rangi haishiki, inatoka na vishimo vishimo.