Rangi ya Ua Linalolika na Namna ya Kuliandaa

Wengi wanaoniuliza kuhusu maua yanayolika hapa Mwanza hutaka kujua ni ua lipi lenye faida kubwa zaidi, ilhali mimi, kwa kuwa kazi yangu ni kemia ya chakula, hutanguliza rangi, kwani hiyo ndiyo inayodokeza kundi la kemikali lililomo na jinsi ua linavyopaswa kuandaliwa ili mwili unufaike.

Wekundu na zambarau mara nyingi hutokana na antosianini, yaani kemikali za rangi za mimea ambazo huyeyuka katika maji. Katika rozela, ambayo wengine huiita choya, tunachotumia si petali bali kile kikombe chekundu kinene kinachobaki kimelizunguka tunda petali zikishadondoka, nacho kina antosianini za delfinidini na sianidini pamoja na asidi zinazoidumisha rangi hiyo. Haibiskasi nyekundu ya uani, jamaa yake wa karibu, haina uchachu wa kiasi hicho. Maji yaliyoloweka maua yake hutoka na zambarau iliyopooza, lakini ukiyakamulia ndimu hugeuka mekundu papo hapo. Magadi hufanya kinyume, yaani huivuta rangi kuelekea bluu au kijani huku antosianini zenyewe zikianza kuvunjika. Moto wa muda mrefu nao huziharibu, hivyo kuloweka katika maji ya moto na kufunika kunatosha.

Majaribio yaliyofanywa kwa watu yameonyesha kwamba kinywaji cha rozela hushusha shinikizo la damu kwa kiasi. Hiyo haikifanyi kuwa badala ya vidonge. Anayetumia dawa za presha azungumze kwanza na daktari wake, na mjamzito ni heri akiepuke.

Njano ni habari nyingine. Marigoldi na maua ya maboga yana karotenoidi, yaani kemikali za rangi ya njano hadi nyekundu, ikiwemo luteini, ambayo hukusanyika katika retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na huchuja mwanga wa bluu. Kwa kuwa luteini huyeyuka katika mafuta wala si katika maji, chai ya marigoldi huacha sehemu kubwa yake kwenye makapi, ilhali maua dume ya maboga yaliyoungwa kwa karanga huitoa vizuri zaidi. Hata hivyo, petali chache juu ya sahani ya sato ni pambo tu. Fungu la mchicha lina luteini nyingi kuliko hizo.

Kuhusu sumu, rangi haisemi lolote. Oleanda, ya waridi au ya njano, ina glikosidi, kemikali zinazovuruga mapigo ya moyo, na kuichemsha hakuziondoi. Maua ya zambarau ya magugumaji siyashauri pia, kwa kuwa mmea huo hufyonza metali nzito kutoka katika maji ya ziwa. Yanayouzwa kwa ajili ya mapambo huenda yamepuliziwa viuatilifu visivyokusudiwa mazao ya chakula, kwa hiyo ya kula yaoteshwe kando.