Kiporo cha supu ya makongoro: dhana potofu na ukweli wake

Makongoro hayapikwi kidogo. Ukishakubali kuunguza mkaa saa nne nzima, unajaza sufuria kubwa, mnakunywa leo, na inayobaki inakuwa kiporo cha kesho. Maneno mengi ya jikoni kuhusu kiporo hicho huitazama friji tu, wakati supu nyingi huharibika kabla hata haijafika kwenye friji.

"Iache ipoe kabisa jikoni, ya moto itaua friji."

Kuna chembe ya ukweli. Sufuria ya lita nane ikiingia inafuka mvuke, itayapasha moto maziwa na nyama iliyo jirani. Lakini kuiacha jikoni usiku kucha si dawa. Bakteria wa chakula huzaliana kwa kasi kati ya nyuzijoto 5 na 60 za Selsiasi, na sufuria kubwa iliyofunikwa hukaa humo saa nyingi. Pembeni utaigusa uone imepoa, kumbe katikati, penye mifupa, bado ni vuguvugu. Kanuni za chakula za Marekani zinataka chakula kilichopikwa kishuke kutoka nyuzi 57 hadi 21 ndani ya saa 2, kisha kifike 5 kabla saa 6 hazijaisha tangu kianze kupoa.

Kwa jiko la nyumbani hilo linawezekana bila kipimajoto. Toa mifupa. Zamisha sufuria kwenye beseni la maji baridi, koroga, na maji ya beseni yakipata joto yamwage uweke mengine. Ukiwa na barafu, bora zaidi. Halafu gawa supu kwenye vyombo vipana, kina chake kisizidi vidole vitatu, uviingize kwenye friji hata kama bado vina uvuguvugu. Friji haitakufa.

"Ikilala nje, asubuhi ichemshe tu."

Hii ndiyo inayolaza watu na tumbo. Yupo bakteria aitwaye Clostridium perfringens, anayependa hasa nyama na supu zinazopikwa kwa wingi. Hutengeneza mbegu zinazostahimili kuchemka. Supu inapopoa polepole, mbegu zinaamka, na kwenye joto la nyuzi 45 hivi huweza kuongezeka maradufu kila baada ya dakika kumi au chini ya hapo. Kuchemsha upya kutawaua hao walioamka, sawa. Lakini Staphylococcus aureus, anayetoka kwenye mikono na pua zetu, huacha sumu ambayo moto wa jikoni hauiondoi. Anaingiaje? Mtu anaonja chumvi kwa upawa, anaurudisha uleule sufuriani. Supu ikilala nje, tupa, hata kama roho inauma.

"Mafuta yaliyoganda juu ni mfuniko tosha."

Yanazuia hewa na harufu za vitunguu vya jirani. Ila perfringens hahitaji hewa, kwa hiyo mafuta hayamsumbui.

"Imeganda kama jeli, imeshaharibika."

Hapana. Hiyo ni jelatini iliyotoka kwenye kano na ngozi ya kongoro, na ni dalili kwamba umepika vizuri. Ipashe, itayeyuka.

"Haijachacha wala hainuki, basi ni nzima."

Wanaotia uchachu na wanaotia ugonjwa mara nyingi si bakteria walewale. Hesabu siku badala ya kunusa: siku 3 hadi 4 kwenye friji yenye nyuzi 4 au chini, ndani kabisa, si mlangoni ambako joto linapanda kila mtu anapofuata maji. Zaidi ya hapo ni friza, na ladha hubaki nzuri kwa miezi 2 hadi 3. Barafu inawalaza tu bakteria, haiwaui, kwa hiyo igandishe mapema, si siku ya nne. Unapopasha, pasha ya mlo huo tu, na ichemke kwelikweli.

"Supu ya pakiti ina tarehe, nitaiamini."

Tarehe hiyo ni ya pakiti isiyofunguliwa. Ukishaikata, inaingia kwenye friji, na unafuata idadi ya siku iliyoandikwa ubavuni.

Na umeme ukikatika, usifungue friji kuchungulia. Ikibaki imefungwa hushika ubaridi kama saa 4. Friza iliyojaa hufika saa 48, iliyojaa nusu saa 24. Muda huo wa friji ukipita na supu ikawa haina tena ubaridi, imwage.